Dizeli ya milioni 48 au petroli ya milioni 38?

SWALI

Habari za kazi, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Njombe mjini. Nina duka la pembejeo, na shamba la parachichi upande wa Lupembe, kilomita 45 kutoka nyumbani. Lami ikiisha ni vumbi na milima, na mvua zikishika ni utelezi mtupu. Mbali na matunda yangu nakusanya pia ya majirani na kuyapeleka kwa mnunuzi mjini.

Mpaka sasa nakodi gari. Safari moja ya mzigo natozwa Sh 90,000. Msimu ukichanganya nakwenda mara nne kwa wiki, na msimu wenyewe ni kama miezi mitano. Nje ya msimu nakwenda mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa bodaboda. Mzigo wangu wa kawaida ni kreti 40 za kilo 20. Mara mbili kwa mwezi nakwenda Makambako kuchukua bidhaa za duka.

Nimejinyima miaka sita, nimefikisha milioni 38 na vijisenti. Nimeonyeshwa pikapu mbili, zote Hilux dabo kabini za mwaka 2013, giya za mkono. Ya kwanza ni dizeli, 2.5 D-4D, imetembea kilomita 180,000, bei milioni 48. Ya pili ni petroli, 2.7 VVT-i, kilomita 150,000, milioni 38. Nikitaka ya dizeli itabidi SACCOS wanikopeshe milioni 10 kwa miezi 36, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mkopo utakuwa kwa jina langu.

Mume wangu hataki kusikia petroli. Anasema hiyo ni pikapu ya watu wa mjini, kwenye milima yetu itatumaliza kwa mafuta. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye atakayeendesha wakati wa msimu, naye yuko upande wa kaka yake. Kaka yangu mimi anasema dizeli za siku hizi si zile za zamani, nozo za kupuliza mafuta zikiharibika nitauza shamba. Fundi niliyemwuliza alinitajia servisi ya dizeli Sh 220,000 na ya petroli Sh 160,000, na nozo nne mpya milioni 3 na nusu. Wakala wa bima kubwa kasema asilimia 3.5 ya thamani ya gari.

Nadhani nitatembea kilomita 2,000 kwa mwezi, maana nitapeleka na watoto shule, kilomita tatu kutoka nyumbani, na mizunguko ya duka. Kila nikikaa na daftari napata jibu tofauti. Nyumbani maneno yamekuwa mengi, hata chakula hakina raha. Naogopa nikikosea nitasimangwa maisha.

Mama wa Parachichi, Njombe

JIBU

Mama wa Parachichi, pole, na hongera pia. Miaka sita ya kujinyima si mchezo, na watu wengi wanaotuandikia kuhusu magari hawaleti hata nusu ya takwimu ulizoleta wewe. Kwa jinsi nilivyokusoma, mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja: gari lipi litakula pesa kidogo kwa miaka mingi, kama mkopo wa milioni 10 una maana, na namna ya kuamua bila nyumba kugawanyika. La tatu linaonekana ndilo zito, lakini tuanze na daftari, kwa sababu daftari likikaa sawa na maneno ya nyumbani yatapungua.

Nianze na hizo kilomita 2,000. Nimezijumlisha kwa maelezo yako mwenyewe. Shamba kwenda na kurudi ni kilomita 90. Mara nne kwa wiki ni 360, yaani kama 1,560 kwa mwezi wa msimu. Nje ya msimu, mara moja kwa wiki, ni 390. Makambako ni kama 60 kwenda, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi ni 240. Shule na duka tuweke 300. Miezi mitano ya msimu inakupa kilomita 2,100 kwa mwezi, na miezi saba iliyobaki inakupa 930. Mwaka mzima ni kama 17,000, wastani wa 1,400 kwa mwezi. Hiyo 2,000 ni mwezi wa msimu uliouchukulia kuwa ndio mwaka, na hapo ndipo majibu ya daftari yalipokuwa yanapishana.

Sasa mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi dizeli inaizidi petroli, miezi mingine kinyume chake. Kwa hiyo tusijenge hesabu juu ya tofauti ya bei ya leo. Tuchukue Sh 3,000 kwa lita kwa zote mbili, nawe utabadilisha tarakimu. Tuseme dizeli inakwenda kilomita 10 kwa lita na petroli 7. Dizeli itakunywa lita 1,700 kwa mwaka, petroli 2,430. Tofauti ni lita 730 hivi, karibu Sh milioni 2.19. Mume wako hajakosea: petroli itakula zaidi, na itakula zaidi kila mwezi. Sababu haiko kwenye chapa ya gari. Lita ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli, na injini ya dizeli inabana hewa kwa nguvu zaidi, hivyo inapata kazi nyingi kwenye kila tone.

Ila angalia mwezi kwa mwezi. Milioni 10 za SACCOS kwa masharti uliyoandika ni marejesho ya kama Sh 361,500 kila mwezi. Akiba ya mafuta katika mwezi wa msimu ni Sh 270,000. Nje ya msimu inashuka hadi kama Sh 120,000. Maana yake, katika miaka mitatu ya mwanzo hakuna mwezi hata mmoja ambao dizeli inajilipia mkopo wake yenyewe. Pengo litajazwa na duka, na miezi saba kwa mwaka pengo hilo ni zaidi ya laki mbili na arobaini. Kama duka linaweza, sawa. Kama mtaji wa duka ndio utakaochotwa wakati wakulima wanahitaji mbolea, hapo gari linakula kutoka mfuko mwingine, na hutaliona kwenye hesabu ya mafuta.

Tuendelee kupunguza. Kwa kilomita 17,000 na servisi kila 5,000, utafanya servisi tatu na nusu hivi kwa mwaka. Tofauti ya Sh 60,000 kila moja ni kama laki mbili. Dizeli hii inahitaji karibu lita saba za oili, petroli ni kama tano na nusu, na juu yake dizeli ina filta ya mafuta ambayo haitakiwi kuonewa huruma. Bima kubwa ya asilimia 3.5 kwenye milioni 10 za ziada ni Sh 350,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na hiki ndicho kipengele watu husahau. Leseni ya gari ya mwaka usiiweke: ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye lita ya mafuta, kwa hiyo anayekunywa zaidi analipa zaidi, na hiyo imo tayari ndani ya bei ya pampu. Nozo tuzitengee fungu: milioni 3.5 mara moja ndani ya miaka mitano ni laki saba kwa mwaka.

Kutoka milioni 2.19 tumebaki na kama Sh 930,000 kwa mwaka. Miaka mitano ni milioni 4.65. Ondoa riba yote ya mkopo, kama milioni 3, inabaki milioni 1.65. Kisha linakuja swali ambalo hakuna aliyekuuliza: ukiuza baada ya miaka mitano, dizeli itaizidi petroli kwa shilingi ngapi? Dizeli za Hilux hushika bei, hilo liko wazi. Kama pengo bado litakuwa milioni 10, dizeli imekuachia milioni 1.65. Kama limeshuka hadi milioni 6, petroli ndiyo iliyokuachia zaidi, milioni 2 na ushee. Mstari wa katikati ni pengo la milioni 8.35 hivi. Tembelea wauzaji Makambako na Iringa, uliza bei za Hilux za 2008, dizeli na petroli, zenye hali inayofanana. Hizo ndizo zitakuonyesha pengo linavyoishi gari likizeeka.

Unaona jinsi mizani ilivyo karibu? Ndiyo maana kaka na mume wanaweza kubishana hadi alfajiri na wote wawe na hoja. Lakini kuna tarakimu moja inayoweza kuitupa mizani upande wowote, nayo ni ile niliyoikisia: kilomita kwa lita. Petroli ikienda 6 badala ya 7, inakunywa lita 400 zaidi kwa mwaka, na kwa miaka mitano hiyo ni kama milioni 6. Dizeli nayo ikienda 9 badala ya 10, inapoteza kama milioni 2.8 kwa muda huohuo.

Na Njombe si Dar es Salaam. Mko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kama asilimia moja kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo petroli 2.7 ikifika kwenu imeacha karibu moja ya tano ya nguvu zake njiani. Turbo ya dizeli inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kuna na suala la nguvu inapopatikana. Petroli hii hutoa kama Nm 240 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye mzunguko wa 3,800 kwa dakika, na kuipata huko ukiwa na kreti 40 kwenye mlima wa vumbi ni kukaa giya ya pili na kukanyaga. Dizeli 2.5 zipo za aina mbili, na muuzaji anaweza asikwambie. Ile isiyo na kipoza hewa ya turbo (intakula) hutoa Nm 260, ile yenye kipoza hewa Nm 343, na zote huanza kutoa kwenye mzunguko wa 1,600 tu. Utaitambua ya pili kwa tundu la hewa juu ya boneti. Kama unayoonyeshwa haina tundu hilo, tofauti ya nguvu kati yake na petroli ni ndogo kuliko shemeji anavyodhani.

Kwa hiyo usikubali kilomita kwa lita za kusimuliwa. Tafuta mtu mwenye Hilux ya petroli kama hiyo na mwingine mwenye dizeli, mwombe kila mmoja safari moja ya Lupembe, mafuta yako. Jaza tangi mpaka pampu ikate mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika kilomita. Nenda tupu, rudi na mzigo uleule wa kreti 40. Jaza tena kituo kilekile, pampu ileile, ikikata mara ya kwanza acha. Gawanya kilomita kwa lita. Safari moja haitoshi, zikiwa tatu ndiyo vizuri, maana kilomita 90 ni kama lita 9 hadi 13 tu na kosa la lita moja ni kubwa. Sindano ya mafuta kwenye dashibodi usiitegemee kwa kazi hii.

Nikizungumza na hofu ya kaka yako kuhusu nozo: ana ukweli, ila jambo lenyewe lina sababu na sababu hizo zinaangalika. Mfumo wa mafuta wa dizeli hii unasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa sana, na mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha pampu na nozo. Yakichanganywa na mafuta ya taa yanapoteza ulainisho. Yakiwa na maji yanakwaruza na kutia kutu. Ndiyo maana vinasaba (alama za kemikali) viliwekwa kwenye mafuta tangu 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa 2011, kuvunja nguvu ya uchakachuaji. Dizeli ya kituo chenye wateja wengi leo ni salama kuliko ilivyokuwa. Hatari yako iko kijijini, kwenye madumu. Dumu lililokaa juani na kuchotewa kwa chupa lina maji na mchanga, na dizeli haisamehi. Petroli ya dumu nayo si nzuri, lakini madhara yake mara nyingi huishia kwenye filta, pampu ya ndani ya tangi na plagi, vitu ambavyo bei yake haikufukuzi shambani. Kwa hiyo muulize shemeji swali moja kabla ya lolote: mafuta yakikata njiani, utanunua wapi? Tangi la gari hili linachukua karibu lita 80, zinazotosha safari saba au nane za shamba, hivyo hakuna sababu ya kukatikiwa isipokuwa uzembe au pesa ya mafuta kubadilishiwa njia. Kwenye dizeli, anayeshika usukani ni sehemu ya injini.

Adui wa pili ni zile kilomita tatu za shule. Asubuhi ya Juni au Julai Njombe, injini ya dizeli haijapata joto na safari imeshakwisha. Ukifanya hivyo kila siku, masizi yanajaa kwenye njia ya kurudishia moshi na kwenye manifoldi, oili inachafuka mapema, na gari linaanza kuwa zito bila sababu inayoonekana. Safari ndefu za mlimani zinasaidia kulisafisha, ila nje ya msimu safari hizo ni chache. Petroli inapata joto upesi na inavumilia mizunguko hiyo. Watoto wakiendelea na bajaji au bodaboda ya kila siku, dizeli inapunguziwa mzigo huo. Hili laweza kuwa sharti la kununua dizeli, si jambo la kulijua baadaye.

Kama utaenda kuiangalia dizeli, nenda asubuhi na mapema na umwambie muuzaji asiiwashe. Shika boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Iwashe baridi usikilize: mgongano mkavu na moshi mweupe usioondoka ni dalili ya nozo. Moshi mweusi mzito ukikanyaga ni mafuta mengi au hewa kidogo, moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ikipuliza kwa nguvu na kurusha oili, ama pistoni zimechoka au washa (pete za kuziba) za shaba chini ya nozo zinavujisha.

Hizo washa ni kitu kidogo chenye balaa kubwa. Zikivuja, moshi wa mchomo unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), injini inakosa oili na kukwama. Fundi afungue sampu ya chini achungulie chujio hilo kwa tochi. Likiwa na donge jeusi, bei ya milioni 48 haipo tena. Kisha aunganishe kompyuta asome masahihisho ya kila nozo: yawe karibu na sifuri na yasipishane sana. Au afanye kipimo cha chupa nne, kila nozo na mrija wake wa marejesho. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo nozo inayokufa. Kama injini inazimika ovyo au mzunguko unapanda na kushuka, usikimbilie kuhukumu nozo, kwani valvu ya kupimia mafuta kwenye pampu huleta dalili hizohizo na bei yake ni ndogo zaidi.

Taimingi belti ya injini hii hubadilishwa kilomita 150,000. Gari lina 180,000. Omba risiti, au fundi afungue kava aitazame. Taa ya belti kwenye dashibodi kuzimwa si ushahidi, inazimwa bila belti kuguswa. Ikikatika, valvu na pistoni hugongana. Ikiwa ilibadilishwa, kwa mwendo wako una miaka saba ya amani. Ikiwa haikubadilishwa, ibadilishwe kabla gari halijaondoka kwa muuzaji, pamoja na kikaza belti, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Mwisho uliza gari lilitoka wapi. Baadhi ya zilizotoka Ulaya miaka hiyo zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo na safari za kilomita tatu hazipatani kabisa.

Petroli ina maswali machache. Haina turbo wala pampu ya shinikizo kubwa, na badala ya belti ina cheni. Iwashe baridi: mlio wa cheni wa sekunde chache na kupotea ni jambo la kutazamwa, mlio unaobaki ni oili iliyocheleweshwa kwa miaka. Toa plagi nne uzipange mezani. Rangi ya kahawia hafifu kwa zote ni habari njema, moja yenye oili au masizi inasema silinda ipi ina shida. Pima kompresheni. Angalia rejeta, maana petroli iliyowahi kuchemsha mlimani na gasketi ya silinda hedi kubadilishwa kienyeji hurudia kuchemsha palepale. Kama mtu atakushauri uifunge mfumo wa gesi asilia kupunguza gharama, mwambie akuonyeshe kituo cha kujazia karibu na Njombe kwanza. Vingi viko Dar es Salaam, na mtungi wenyewe utakula nafasi ya kreti.

Tairi, springi, shokapu, breki na klachi havijui kama kuna dizeli au petroli mbele. Kreti 40 ni kilo 800. Ongeza shemeji na mpakiaji, unagusa kilo 950, na dabo kabini kwa kawaida haifiki tani. Kwa barabara yenu hicho ndicho kitakachokula pesa polepole, kwa gari lolote utakalochagua. Kreti 35 huenda zikakupunguzia gharama kuliko mjadala wote huu.

Kuna njia nyingine mbili ambazo barua yako imezipita. Moja ni kuendelea kukodi. Safari za msimu ni kama 87 kwa mwaka, kwa Sh 90,000 ni milioni 7.8. Petroli yako mwenyewe, kwa mafuta, servisi na bima tu, ni kama milioni 9.2 kwa mwaka. Dizeli ni kama milioni 7.5. Bado hujalipa tairi, shemeji, wala gari kushuka thamani. Ni kweli gari lako litafanya pia Makambako na mengine ambayo kukodi hakufanyi, na halitakuacha na matunda yameiva mwenye gari yuko safari ya mwingine. Hilo lina thamani, ila liandike kwa shilingi: mwaka uliopita matunda yaliyoharibika kwa kukosa gari yalikuwa ya kiasi gani? Njia ya pili ni kutafuta petroli ya bei ya chini zaidi, au dizeli ya kabini moja iliyo nafuu, ili baada ya kununua ubaki na milioni tatu mkononi. Ukitoa milioni 38 zote, tairi nne na gharama za kuhamisha umiliki TRA zitakukuta mikono mitupu, na hapo utakopa tu, ila kwa haraka na kwa masharti mabaya zaidi.

Kuhusu nyumbani. Sidhani mume wako anapigania dizeli kwa ubishi. Anaogopa kitu halisi, pesa inayotoka kila wiki kituoni, kwa sababu hiyo inaonekana. Kaka yako naye anaogopa pesa inayotoka mara moja kwa kishindo. Wewe umebeba hofu zote mbili na mkopo juu yake, na mkopo una jina moja tu, lako. Ni haki yako kusema hilo kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi. Unaweza kumwomba mume aende naye kwenye ile safari ya kupima mafuta, yeye ndiye ashike kalamu. Shemeji ashike usukani, siku ya dizeli na siku ya petroli. Kaka aje siku ya kufungua sampu. Kila mmoja atakuwa ameona kwa macho yake kile anachokisemea, na ukichagua lolote, hutakuwa umechagua dhidi ya mtu.

Kabla ya kujaza fomu ya SACCOS, muulize mhasibu jambo moja: je, marejesho yanaweza kupangwa makubwa miezi ya msimu na madogo miezi mingine? Akikubali, ile hesabu ya laki mbili na arobaini inabadilika sura, nasi tungependa kuiona upya pamoja na kilomita kwa lita utakazokuwa umezipata kutoka Lupembe.